Klabu Iliyonifundisha Kujibu

Marahaba, mjukuu wangu Zaina. Huku Kwedizinga hatujambo, na mahindi yameanza kubeba.

Unauliza klabu ya midahalo baada ya masomo ina faida gani. Mimi nilikuwa na haya sana. Kwenye klabu yetu ndiko nilikojifunza kusimama na kusema ninachofikiri.

Posa ilipoletwa nyumbani, mjomba aliniuliza mbele ya wazee. Kwetu msichana akinyamaza, amekubali. Nikasimama kama siku ya mdahalo, nikasema, “Nataka kumaliza shule kwanza.” Baba akaagana na wageni kwa heshima.

Miaka ikapita, babu yako naye akaleta posa. Hata hapo sikunyamaza. Nilisema ndiyo, mpaka waliokuwa uani wakasikia.

Bibi yako