Sala kwa Mama Kabwe

Kalemie, Jumatano

Tena nimeona haya. Mutoto wa Mama Kabwe, mwenzangu wa kikundi cha sala, ana malaria. Nilienda kumuombea.

Nikapiga hodi. Mama Kabwe akanijibu akiwa nyuma ya pazia: "Mama, leo siwezi kununua kitenge. Mutoto ni mugonjwa."

"Nimekuja kusali tu."

Akafungua, akaangalia mufuko wangu.

"Biblia iko ndani," nikasema.

Sikudanganya. Ila ilinibidi nitoe vitenge vitano, kimoja kimoja, ndipo niifikie.

Tangu Zaire iache kulipa walimu kama bwana wangu, vitenge ninavyouza njo vinatulisha. Mungu anajua. Lakini...

Tulisali. Baada ya Amina, Mama Kabwe akauliza kwa sauti ya chini, kama muntu anayelipia sala, kile cha kijani ni bei gani.

Nikamwambia.