Sahani ya Kina Zaituni

Mjukuu wangu Rehema,

Hapa Koboko tu wazima. Nyanya yako anakusalimu. Goti limepoa na ameanza tena kusuka vikapu.

Umeniuliza ufanyeje, maana wanafunzi wako huko Kampala wananyamaza ukiwaambia waeleze kwa Kiingereza mji wao ulivyokuwa zamani. Yalinikuta mimi pia, nilipofundisha watu wazima Arua, tuliporudi kutoka ukimbizini. Nilichora mji ubaoni, nikauliza, "Zamani ulikuwaje?" Wakainamia madaftari yao. Nikawaona wazito, kumbe mzito nilikuwa mimi.

Mwishowe Zaituni, muuza mboga, akachukua chaki akachora jiko la mama yake, pale nilipokuwa nimechora stoo mpya. Akasema kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba kila Ijumaa mama alikuwa akipeleka sahani ya kisra, ile mikate myembamba ya mtama, kwa jirani, nayo haikurudi tupu hata siku moja.

Mzee Candia akasimama kule nyuma. "Hiyo jirani ilikuwa mama yangu," akasema kwa Kiswahili. "Siku tulikimbia, sahani yenu ilikuwa iko kwetu."

Walikuwa wamekaa darasa moja mwezi mzima bila kutambuana. Kiingereza kikasahaulika, nami sikuwakumbusha.

Kipindi kilichofuata Candia alikuja na sahani mpya ya dukani, imejaa karanga. Akamwambia Zaituni, "Ile ilipotea njiani. Pokea hii."

Basi, mama, uache kuwauliza habari za mji. Waulize sahani ya kwao ilikuwa inaenda nyumba gani.

Ni mimi babu yako, ninayekuwaza kila siku.