Kona ya Nne

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Kitinda mimba wetu,

U mzima huko uliko? Kifua kimepona? Na yule mwenye nyumba wako mgomvi, bado anakugombeza ukifungua dirisha? Sisi hatujambo. Mama mwili wake mzima, anakula na kutania watu, ila kumbukumbu inazidi kumponyoka. Leo asubuhi amenikaribisha kiti mara tatu, kama mteja.

Ndugu yangu, kichwa kinanizunguka. Ni ile QR uliyonitumia kwa simu, kile kimraba cha vitone cha kushona kwenye sweta la Mama, ili akipotea mtu aelekeze simu apate namba zetu. Nilikichapisha kwenye kitambaa, nikakishona shingoni, na hakisomeki!

Alhamisi Mama alitoka wakati nampima mteja kiuno. Fundi viatu alimkuta amesimama njia panda, akaiona lebo, akaelekeza simu mpaka mkono ukamchoka. Wapi! Alimkalisha kwenye stuli yake hadi nilipotokea nikihema, kiatu mguu mmoja. Tulipofika nyumbani nililia, nakwambia ukweli.

Basi nikaanza kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Mama wa steshenari akasema picha yako ni JPG, na JPG huibana picha hadi kingo za vitone zinaingia ukungu, wakati simu inataka weusi uwe weusi na weupe uwe weupe. Akaniambia nitafute PNG, hiyo haipotezi kitu. Nikaona kazi ndogo. Nikafuta JPG kwenye jina la faili, nikaandika PNG, nikampelekea kwa kujidai. Alicheka mpaka akashika meza. Kumbe nimembadilisha mtu jina, sura ni ileile.

Mchapaji wa lebo naye ana lake. PNG inafaa, anasema, kama lebo zote ni za kipimo kimoja. Lakini mimi nataka ndogo ya blauzi na kubwa ya mgongoni mwa koti, basi nilete SVG, ambayo haibebi picha iliyokwisha chorwa, inabeba maelezo ya kuichora. Hapo nilielewa kidogo: ni kama vipimo kwenye daftari langu, naweza kuvikuza nikamshonea pandikizi la mtu. Nguo iliyokwisha shonwa ukiivuta inachanika. Nikatulia. Halafu shemeji yako, mjuaji wa kila kitu, akauliza kwa nini isiwe PDF, nikachanganyikiwa upya.

Kilichonitatiza zaidi ni kwamba mchapaji alishangaa. Aliikagua picha kwenye simu yangu, akasema ukungu upo lakini si wa kuzuia isisomeke kabisa. Nikarudi nyumbani sijui mbele wala nyuma.

Jana mchana nikamkuta Mama ameshika sweta na kisu changu cha kufumulia. Nikapiga kelele, "Mama, unaharibu!"

"Siharibu," akasema bila kuinua kichwa. "Hapa pana kazi ya mtu mwingine. Tena uzi wake umekaa vibaya."

Mficha uchi hazai, ndugu yangu. Mtu mwingine huyo ni mimi. Picha yako ilikuwa na viraba vikubwa kwenye kona tatu, na kona ya nne haina, ina vitone tu. Nilidhani simu imekimeza kimoja njiani. Si Mama mwenyewe alitufundisha kwamba nguo haitoki mezani ikiwa na kifungo upande mmoja tu? Basi nikatarizi cha nne kwa mkono, kwa uzi mweusi, na nikajisifu.

Mama alifumua mpaka uzi wa mwisho. Nikaelekeza simu bila tumaini, ikafunguka papo hapo! Kwa nini viwe vitatu sijui mpaka sasa, utanieleza.

Akaniomba nimsomee kilichoandikwa. Nikasoma maneno yako: "Huyu ni mama yetu. Ukimkuta, tafadhali kaa naye, utupigie." Akasikiliza vizuri, sweta mapajani. Kisha akasema, "Mama huyo ana bahati. Ana watu wa kumtafuta." Nilishindwa kumwambia kuwa ni yeye. Nikamvisha sweta.

Kwa hiyo nitumie SVG, nataka kuweka lebo kwenye kila nguo yake. Itume kwa barua pepe, usiipitishe kama picha ya simu, mama wa steshenari anasema huko ndiko inakobanwa. Na tafadhali, safari hii niandikie pembeni kabisa: "Dada, usiongeze kitu."

Wasalimie mkeo na mapacha wako wawili. Shemeji yako anakusalimu, bado anatetea PDF yake. Mama anakusalimu pia. Hakutaja jina, alisema "yule mdogo anayechelewa kula", nami nikajua ni wewe. Mungu akulinde, na popote utakapopotea akukutanishe na mwenye stuli.

Wako akupendaye,
Dada, fundi wa kona ya nne