Popo Si Ndege, Mama

Jumatano, mchana. Mvua imekatika tangu asubuhi na ziwa limetulia, ila milima ya upande wa Kongo bado imejifunika mawingu. Sina kipindi mpaka saa nane. Nina furaha, na nataka kuiandika kabla haijapoa.

Jana mama mkwe wangu alicheka nami.

Mama yuko kwetu tangu alipoteleza akaumia mguu, kwa sababu nyumba yetu iko karibu na kituo cha afya kuliko Rugerero, anakoishi na wifi yangu Halima. Mimi nimekulia Tanzania. Yeye ni wa hapa hapa Gisenyi, Rwanda, na ujana wake wote aliuza vitenge kati ya huku na Goma, ng'ambo ya mpaka; Kiswahili chake ni cha huko, kimechanganyika na Kifaransa. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, naye ananijibu bonjour. Hanigombezi. Ananiita mwalimu, basi. Mume wangu Idi akiwa safarini na lori, sisi wawili tunakula kimya, na nasikia kila kijiko kinavyogusa sahani.

Nakiri kwamba namwogopa kidogo.

Jana Idi alikuwa Kigali. Kabla ya magharibi popo aliingia dirishani, akajigonga ukutani, akaangukia pindo la pazia na kung'ang'ania hapo. Mama alikuwa ameketi, mguu juu ya kigoda. Alijivuta kitenge kichwani.

"Ua hiyo kintu, mwalimu. Hiyo ndege hailetake habari muzuri kwa nyumba."

Niliogopa pia, lakini kuua sikutaka. Nilichukua bakuli kubwa la plastiki, lile linaloonyesha ndani, nikamfunika, kisha nikapitisha kipande cha boksi chini yake bila kumgusa.

"Popo si ndege, Mama," nilisema, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya darasani. Nilijuta papo hapo.

"Iko na mabawa. Inaruka. Donc iko ndege."

Nilikuwa tayari kubishana, tena kwa kirefu, kwani somo la uainishaji wa viumbe ndilo ninalofundisha wiki hii. Lakini Mama aliinama juu ya bakuli nililoshika, akachungulia.

"Iko na mutoto," alisema.

Kweli. Kifuani pa yule popo alikuwa amening'inia mtoto mwekundu asiye na manyoya, mdomo kwenye chuchu. Nimefundisha mamalia miaka mingi na sikuwahi kuliona jambo hilo kwa macho yangu.

"Iko ananyonya." Sauti ya Mama ilikuwa imeshuka. "Ndege hainyonyeshake."

Habari za kuua ziliishia hapo. Alinishika bega, tukajikongoja pamoja hadi barazani, nikaliinamisha bakuli juu ya ukuta karibu na mparachichi. Popo alitulia kidogo, kisha akaruka na mtoto wake. Tulisimama tukitazama mvua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwenye chai, Mama ndiye aliyeanza. Kama si ndege, basi ndugu yake ni nani? Panya?

Nilimweleza kwamba siku hizi viumbe havipangwi kwa sura, bali kwa ukoo: nani wametoka kwa mzazi mmoja wa zamani, na nani waliachana mapema. Mabawa ya popo na ya kuku yalikuja kila moja kwa njia yake.

"Kama Halima na ule dada wa duka ya simu," alisema. Watu huwachanganya hao wawili kila siku, na hawana hata babu mmoja. "Bon. Sura haiko ukoo. Na panya?"

"Panya yuko karibu na sisi watu, Mama, kuliko alivyo karibu na popo. Popo yuko upande wa ng'ombe, farasi na mbwa."

Alinitazama kuona kama namtania. Nikamwambia kuhusu vinasaba, yale maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kila chembe ya mwili, na jinsi wataalamu wanavyoyalinganisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Idi alikuwa ananiuma wakati ya kunyonya," alisema. "Sasa najua ni juu ya nini. Ndugu ya panya."

Tukacheka, mimi hadi machozi, yeye akishika mguu wake unaouma. Kisha akanisimulia alivyomnyonyesha Idi nyuma ya meza ya vitenge, wateja wakisubiri. Sikuwa nimewahi kusikia habari za mume wangu alipokuwa mchanga. Aliendelea mpaka adhana ya isha.

Asubuhi hii nimemsikia akimpigia Halima simu. Walibishana kuhusu panya, na Mama hakurudi nyuma hata kidogo.

Nilipokuwa nasahihisha madaftari aliniita kutoka barazani.

"Na ule mama wa kwanza ya mapopo yote? Ule wa kwanza kuruka. Alifananaka namna gani?"

Ilibidi niseme ukweli. Mabaki ya kale kabisa ya popo yaliyopatikana ni ya popo ambao tayari wanaruka. Aliyekuwa kabla yao hajaonekana bado.

"Hata nyinyi balimu hamujue?"

"Hata sisi, Mama."

Alisogea kwenye benchi, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki kando yake.

"Basi kuja hapa. Tuwaze."