Sauti ya mama yao niliikata kama parsele

Mpendwa mama mushauri, ninakuomba musaada, mimi muzee Wenceslas wa Munigi, mutu mwenye alipima nusu ya parsele, viwanja vya Goma, kwa kamba na kwa macho yake, mupaka wangu haujaleta palabre ya majirani hata siku moja, na mashini ya ordinatere, ile ya Linux, nilijifunza peke yangu, vijana majirani wa kartie wanaiogopa. Bibi yangu Kaswera, mama ya watoto wangu watatu, mbele ya kufa alizungumuza wiki mbili, mimi ninarekodi, majina ya wakubwa wetu wa Butembo, nyimbo, na neno la kila mutoto kwa jina lake, yote mu disiki moja kubwa ya tera nne. Jumapili tunatosha matanga, tunamaliza kilio yake, nikasema baba anagawanya akiwa muzima, nikate disiki sehemu tatu sawasawa, Édouard yake, Guylain yake, Valérie yake. Nikatumia mipaka ya aina ya zamani, ikakatala kupita tera mbili, nikakasirika. Valérie akaniambia kwa telefone: "Papa, aina mupya, GPT, ndiyo inafika mwisho wa disiki. Lakini kopi kwanza! Usiguse!" Nikamujibu: "Mimi nilipima muji, wewe unanifundisha mupaka?" Nikachagua hiyo GPT, mashini nayo ikauliza kama niko na hakika, nikasema ndiyo, nikakata tatu, nikatengeneza sehemu ya kwanza upya ipokee vitu, nikafungua, bule. Hakuna hata kikohozi cha Kaswera. Parsele ukiikata, nyumba si inabakia ndani? Watoto hawajue. Kila asubui ninachomeka disiki tena, ninangojea. Nifanye nini?

*Jibu*

Papa Wenceslas, pole sana, na sasa usikilize mutu mwingine kidogo. Chomoa ile disiki. Usiichomeke tena, usiguse sehemu ya pili. Mipaka peke yake pengine ingerudishwa. Ile kutengeneza sehemu ya kwanza ndiyo iliharibu daftari yenye kuonyesha kila sauti iko wapi. Zingine zinaweza kuwa bado mule, vipande vipande, bila majina. Zingine hapana. Sikudanganye. Mwana wako alikukataza, mashini ikakuuliza, wote wawili ukawajibu kama chefu.

Tafuta fundi na disiki ingine yenye kupita hiyo kwa ukubwa. Akopi yote vile iko, halafu atafute ndani ya kopi. Haitaisha mbele ya Jumapili.

Leo umupigie Valérie, useme: "Mwana, ulisema kweli." Halafu ukamate kalamu. Wiki mbili ulikaa karibu na kile kitanda, neno la kila mutoto liliingia mu masikio yako. Uliandike, hata kama ni nusu tu. Lenye umesahau, uwaambie Jumapili mbele yao wote kwamba umesahau.

Na ile karatasi, ukimaliza, umupe Valérie atoe kopi.