Anayesimama Mbele ya Sola

Mama Sabina,

Unisamehe kwa kimya changu. Tangu tulipokuzika sijakuandikia hata mstari mmoja, na unanijua, si kwa kukosa karatasi. Sikuona maana ya kumwandikia mtu ambaye hatajibu. Sasa nina jambo la shamba, na mambo ya shamba sina mwingine wa kumweleza.

Nianze na habari za kawaida. Vitunguu vya kitalu cha juu vimeshika vizuri. Kabichi zimeliwa na wadudu, maana nilichelewa kunyunyiza majivu. Magugu maji yamezidi. Kuna siku ambapo kutoka barazani kwetu maji hayaonekani kabisa. Linaonekana shamba la kijani lisilo na mwenyewe, na kivuko cha Kamanga kinapita katikati yake. Majirani wanaovuta maji ziwani wanashinda wakizibua mabomba. Ulisema kweli kwamba tuchimbe kisima. Sabina hajambo, bado yuko Mkolani, na kila akija ananiambia, "Baba, funga nyumba uje mjini." Namjibu kwamba vitunguu havifungiwi nyumba.

Sasa jambo lenyewe.

Siku ya kuanua matanga, wazee wa ukoo wenu waligawa vitu vyako. Nguo na vyungu havikuleta maneno. Walipofika kwenye sola na pampu walinyamaza, kwa sababu hakuna kati yao aliyewahi kugawa vitu vya namna hiyo. Mwishowe shangazi yako akasema kwamba kitu kinachoanikwa juani na kufutwa vumbi kila asubuhi ni chombo cha mwanamke, sawa na ungo. Basi kiende kwa Doto, pacha wako. Pampu inakaa kisimani, na kisima alichimba mume. Basi ibaki kwa mume. Wote wakaitikia. Mimi nilikuwa mfiwa, na mfiwa hasemi katika kikao hicho. Nilikaa mkekani nikiwatazama wanavyotenganisha kichwa na kiwiliwili. Nina hakika ungecheka kwanza, kisha ungewafukuza.

Doto akaenda na sola Magu, imeviringishwa katika godoro. Mimi nikabaki na pampu isiyo na nguvu na ndoo mbili. Nusu ya miche ilikauka.

Kabla mvua za vuli hazijaanza, Doto alishuka kwenye kivuko akiwa na godoro lilelile. Nilimwona akipanda njia kutoka ziwani, na kwa kuwa mwendo wake ni wako, ilinibidi nishike nguzo ya baraza.

"Shikamoo, shemeji," akasema. "Chukua kioo chako, kimenishinda."

Nikamuuliza kina kasoro gani. Akasema kwamba fundi wa Magu alikiunganisha na redio, waya kwa waya, bila betri. Asubuhi redio inaimba. Mchana, jua likiwa kali kuliko saa zote, inafifia polepole mpaka inanyamaza, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja. Mbingu nyeupe, hakuna wingu, hakuna mti. Baadaye inaendelea yenyewe.

"Nani anayeizima?" nikamuuliza.

"Unaniuliza mimi, shemeji? Mke alikuwa wako."

Alicheka, lakini hakucheka sana. Nikamwambia kwamba ni waya mbovu.

Wewe unajua kilichonijia moyoni. Swichi ya pampu yetu iliungua msimu wa kwanza, baada tu ya wewe kuipata sola kwa yule mtaalamu wa maji aliyekuwa akirudi kwao, ukampa ng'ombe wako mtamba kuwa malipo. Nilitaka tununue swichi nyingine, ukakataa. "Mwalimu, swichi ni gunia," ukasema. Kisima chetu hujaa polepole, na pampu ikivuta hewa inaungua. Kwa hiyo kila mchana, maji yakikaribia mdomo wa pampu, ulilitoa gunia kwenye msumari wake ukaifunika sola. Gunia likiwa mbali, ulisimama wewe mwenyewe mbele yake, mgongo juani, mikono umeitandaza, mpaka pampu inyamaze. Kisha ukaniita nilete gunia. Kuku walikuja kulala katika kivuli chako, nawe ukawatukana kwa Kisukuma kwa uvivu wao.

Nikaifunga sola mahali pake. Siku chache za kwanza nilikuwa mwangalifu. Siku moja, baada ya chakula, nikasinzia barazani. Niliamshwa na ukimya. Nilikimbia kwa namna ambayo mzee hapaswi kukimbia, nikijua nimekwisha kuiunguza pampu.

Gunia lilikuwa kwenye msumari. Sola ilikuwa wazi. Kisimani maji yalikuwa yamesimama juu kidogo ya mdomo wa pampu, palepale ulipozoea kuyasimamisha. Jua lilinichoma kichwani. Niliweka kiganja juu ya kioo nikakikuta cha baridi, kama mtungi wa maji uliokaa ndani ya nyumba.

Mbele ya sola, kwenye udongo mtupu, kuku walikuwa wamelala. Kuku aliye juani huachama. Wewe ndiye uliyenifundisha. Hawa walikuwa wamefumba midomo, wamelegeza mabawa, wametulia kama walio kivulini. Hapakuwa na kivuli.

Nilisimama pale mpaka kisima kikapata maji. Kuku wakainuka wote pamoja, wakajikung'uta vumbi, na pampu ikaanza.

Unanijua kuwa si mtu wa kuamini haraka. Nilibadilisha waya. Niliihamisha sola upande wa pili wa kisima. Mchana wa kesho yake kuku nao wakahamia huko. Basi nikaacha kupima.

Doto alipokuja tena kuchukua vitunguu, alikaa nami barazani mpaka pampu ikanyamaza. Aliwatazama kuku waliolala mbele ya sola. Kisha akasema, "Shemeji, utamsimamisha hivyo mpaka lini?"

Nikasema kwamba mimi simsimamishi mtu.

"Wewe unakula vitunguu," akasema. "Yeye yuko juani."

Alifunga mzigo wake akaenda kungoja kivuko. Neno hilo limebaki hapa barazani. Kila nikikaa nalikuta.

Mjini, ambako siku hizi maduka yamejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu kwa watu waliotoka Nairobi, nimeona swichi yenye boya. Boya linaelea kisimani. Maji yakishuka linashuka nayo, na pampu inazima yenyewe bila mkono wa mtu. Fundi alinionyesha katika karai la maji, akaniambia, "Mzee, ukifunga hii unalala usingizi." Nililishika boya mkononi, kisha nikalirudisha, nikatoka.

Nikilifunga, utapumzika. Mtu aliyefanya kazi kama wewe anastahili kupumzika, na najua jinsi jua lilivyokuwa likikuumiza kichwa hata ulipokuwa hai. Lakini nikilifunga hutakuwa na kazi hapa, na sijui kama ni mimi unayemjia au ni pampu. Hilo ndilo linalonizuia, Mama Sabina. Nimeliandika wazi, kwa kuwa hukupenda maneno ya kuzunguka.

Kwa sasa najitahidi kukutangulia na gunia. Magoti yananichelewesha, mara nyingi nikifika, kioo kimekwisha kupoa. Juzi niliwahi, lakini gunia nilikuwa nimelisahau kwenye kitalu. Nikafanya ulivyofanya wewe. Nilisimama mbele ya sola, mgongo juani, nikatandaza mikono. Pampu ikapunguza sauti, ikanyamaza. Shati lilikuwa la moto mgongoni. Niliendelea kusimama, maana hakuna wa kumwita alete gunia.

Kisha nikahisi jua limeniondoka mgongoni. Mbele yangu, kioo kilikuwa kinameta kwa mwanga pande zote mbili za kivuli changu, na shati langu likapoa.

Sikugeuka.

Kwaheri kwa leo. Boya bado liko dukani. Nikilinunua au nikiliacha kabisa, utapata habari kwa mkono wangu, kabla fundi hajavuka na waya zake. Sitakubali ujue kwa kukuta kazi yako imechukuliwa. Mpaka siku hiyo gunia litakuwa kwenye msumari wake. Ukifika ukakuta nimekwisha kufunika, usisimame. Kaa chini na kuku.

Mimi,
Mwalimu wako