Mwite Aliyeifunga

Jumapili jioni. Manyunyu tangu alfajiri, na mtaa wetu mzima wa Sofu unanuka udongo uliolowa.

Kucha zangu zina grisi. Nimezisugua kwa sabuni ya unga, kwa limau, hata kwa mchanga, haitoki. Mshonaji mwenye grisi kwenye kucha ni wa kuogopwa na kila mwenye kitambaa cheupe, lakini leo sina mteja, kwa hiyo naandika.

Shajara yangu, nimekukimbia tangu nitoke eda. Nilikuwa na jambo moja tu la kuandika, nalo ni la aibu kidogo: nimehangaika na injini ya gari kuliko nilivyohangaika na mume niliyefiwa naye. Au labda ni hangaiko moja. Sijui.

Kwa atakayeisoma shajara hii siku moja bila kunijua: mume wangu Athumani alikuwa fundi magari. Gari letu dogo lilipoua injini, alinunua ya mtumba akaifunga mwenyewe hapa uani, chini ya turubai, mimi nikimshikia tochi. Alipoiwasha iliitika, lakini ikanguruma juu kama vile mtu kakanyaga mafuta, na hakuna aliyegusa. Sauti hiyo ya injini gari likiwa limesimama mafundi wanaiita sailensi. Yetu ilikuwa inapanda, inashuka, inapanda tena. Athumani akacheka, akasema kimebaki kitu kidogo, atamalizia kesho. Nikamtania kwamba kesho ya fundi haina tarehe. Akaenda kujilaza kifua kikimuuma, akasema ni uchovu wa kunyanyua vyuma.

Hakuamka.

Eda nzima gari lilikaa chini ya turubai. Shemeji Idi, mdogo wake, alikuwa akija kutoka Marui kuliwasha ili betri isife. Mimi nikiwa ndani nalisikia likinguruma, na kusema kweli nilikuwa nazingojea siku hizo. Ndiyo sauti ya mwisho aliyoiacha, hata kama ilikuwa sauti ya ugonjwa.

Eda ilipokwisha tulikwenda Marui kwa mama mkwe, Idi akiendesha. Njia nzima gari lilitusumbua. Likisimama linanguruma, ukiweka gia linaruka mbele. Tulipofika, Idi akateremka akasema mbele ya mama yake kwamba marehemu aliifunga injini vibaya, afadhali angempa fundi mwingine. Hakusema kwa ubaya, mdomo wa Idi hauna breki tu. Lakini nilimwona mama mkwe akiinamisha uso. Mashine za kusaga za vijiji vya huko alikuwa akizitengeneza Athumani, na Marui yote inamjua kwa mikono yake. Mtoto kazikwa, sasa na kazi yake inasemwa.

Nikaapa moyoni kwamba nitampelekea mama yule jibu.

Kuapa ni rahisi. Fundi Kombo wa Maili Moja alifungua boneti, akasikiliza, akazitazama nyaya alizounganisha Athumani, akafunga boneti.

"Dada, mwite aliyeifunga."

Wote husema hivyo. Ni adabu yao na ni woga wao pia. Fundi hapendi kutia mkono kwenye kazi aliyoianza mwenzake, kwa sababu hajui waya gani umekatwa na upi umerukwa, na gari likimfia mkononi lawama zote ni zake. Athumani naye aliwarudisha watu kwa maneno hayohayo, na mimi nilikuwa namwona mkali.

Nilimwambia Kombo kwamba aliyeifunga amefariki. Akavua kofia, akanipa pole, na kwa huruma akakubali kugusa kidogo. Alisafisha njia ya hewa, akachomoa betri akairudisha, akabadilisha plagi. Mwisho akakamata skrubu ya sailensi, akaizungusha kwa nguvu hadi ngurumo ikashuka. Nikaondoka nimefurahi. Kwenye kona ya kuingia Sofu nilikanyaga breki, gari likazima. Nikawasha, likazima tena. Niliporudi kwake akasema basi, injini ishushwe, nyaya zote zifumuliwe, ianzwe upya.

Ifumuliwe. Mimi nafumua nguo za watu kila wiki, najua maana yake. Ukishafumua, mshono wa mwenzio haupo tena, hata ukishona palepale alipopita. Nikamwambia anisubiri kwanza.

Jana, nikiwa napiga pasi sare za shule, nikakumbuka maji. Athumani akishuku kwamba injini inavuta hewa mahali isipotakiwa, alikuwa ananyunyizia maji kidogo kidogo kwenye mipira na maungio huku injini inawaka. Maji yakifika penye uwazi, sauti inabadilika. Nilikuwa mshika tochi tu, sikujua kwamba nilikuwa nafundishwa. Nikatoka na chupa yangu ya kunyunyizia nguo, nikawasha gari, nikaanza mbele nikirudi nyuma, nikizikwepa nyaya kwa hofu. Nyuma kabisa ya injini, upande wa kioo cha mbele, sauti ikaanguka ghafla, ikatetemeka.

Nikazima, nikasubiri ipoe, nikaingiza mkono. Kulikuwa na mpira mnene, na penye maungio, badala ya klipu ya chuma, umezungushwa ukanda wa tyubu ya baiskeli na kufungwa fundo.

Fundo lile nalijua. Ndilo alilofungia magunia ya mihogo na banda la kuku, na hata kamba yangu ya kuanikia nguo kaifunga hivyohivyo. Siku ile hakuwa na klipu, akafunga kwa alichokuwa nacho. Kitu kidogo kilichobaki kilikuwa hicho. Miezi yote hii joto limeulegeza ule ukanda taratibu.

Nilitaka kulifungua bila kuukata. Nilishughulika nalo hadi mgongo ukaniuma, lakini mpira ulikuwa umeoza, ukanikatikia vipande vipande mkononi. Nikalia palepale juu ya boneti, kwa sauti, hadi jirani akachungulia ukutani. Hata nilipotoka eda sikulia hivyo.

Klipu nimeinunua Maili Moja na kuikaza mwenyewe. Kombo akarudisha skrubu ilipokuwa mwanzo, akawasha, akaisikiliza. Halafu akaniambia, "Hajakosea huyu mtu. Hakumaliza tu."

Leo asubuhi nimekwenda Marui peke yangu, kwa njia ya Mlandizi na Mzenga, tope hadi milangoni. Nimeingia uani kwa mama mkwe, nimemwamkia nikiwa bado kwenye usukani, injini inawaka. Akaitika marahaba, akajifuta mikono kwenye khanga, akaja hadi kwenye boneti. Akauliza nani kalitengeneza.

"Athumani, mama. Mimi nimekaza klipu moja tu."

Akaweka kiganja juu ya boneti. Injini ilikuwa inazunguka chini, sawasawa, bila kuruka. Nilitegemea atafurahi, na mimi nitafurahi naye, turudi ndani tunywe chai. Badala yake akaniomba nisizime kwanza. Akaenda kuketi barazani, akajifunika khanga kichwani.

Tukakaa hivyo. Yeye barazani, mimi kwenye usukani, mafuta yakiungua bure. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Ile ngurumo ilikuwa inatusumbua, lakini ilikuwa ni kazi iliyokuwa inamsubiri mwenyewe. Sasa imekamilika, na hakuna tena kitu duniani kinachohitaji Athumani arudi.

Sikutaka kuwa mimi wa kuzima. Lakini mama ni mzee, na kati yetu mimi ndiye niliyeshika ufunguo.

Nikauzungusha.

Mama akasema innalillahi, polepole, kama vile habari za msiba ndiyo kwanza zinamfikia.

Kesho narudi kwenye cherehani, kazi za watu ziendelee. Nimeliandika hapa ili nisije nikabadili nia.